“Atatembea lini?”: Swali ambalo nimelikwepa kwa miaka 6

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Bukavu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya watoto, au “kine” kama wakaaji wa mji huu wanavyotuita, na nimeifanya kazi hii kwa miaka 17, yote katika huduma ya wagonjwa wa nje ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Tangu miaka 4 iliyopita mimi ndiye mkubwa wa chumba cha watoto. Nina wenzangu 3, wanafunzi wa staji wanaokuja na kuondoka, mikeka 2, mpira mmoja mkubwa, vyuma vya kujifunzia kutembea ambavyo fundi wa kuchomelea alitutengenezea kule Kadutu, na benchi moja refu nje ya mlango ambapo akina mama hukaa tangu saa moja asubuhi.

Wanaotujia ni wa aina nyingi. Wapo wachanga wenye mguu kifundo, yaani uliopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa, ambao tunawanyoosha miguu kidogo kidogo na kuwafunga plasta; wapo ambao mkono mmoja ulilegea kwa sababu neva zake zilivutwa wakati wa kuzaliwa; wapo wanaoburuza mguu baada ya sindano ya kwinini kuchomwa mahali pasipofaa kwenye tako. Walio wengi kuliko wote ni wenye mtindio wa ubongo, wale ambao madaktari wetu huwaandikia herufi IMC kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa.

Mtoto anayeninyima usingizi nitamwita Baraka, ingawa hilo si jina lake. Alichelewa sana kulia alipozaliwa. Aliletwa kwetu akiwa na miezi 11, shingo ikiwa bado imelegea na mikono imekazwa kifuani, na leo ana miaka 7. Kwa kile kipimo cha ngazi 5 tunachokitumia kupanga uwezo wa mwendo wa watoto wenye mtindio wa ubongo, yeye yuko katika ngazi ya 5, yaani hawezi kukaa bila kushikwa wala kuinua kichwa kwa muda mrefu, na nilikuwa na hakika ya jambo hilo kabla hajatimiza miaka 3. Mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Kadutu. Mara 3 kwa juma humfunga mgongoni, miguu ya mtoto ikimpigapiga magotini, hupanda pikipiki kutoka Bagira, hulipa kikao, hukaa dakika 40 akitutazama tukiinyoosha miguu ile ile kwa namna ile ile, kisha hukimbilia soko akiwa amechelewa. Usiku mmoja nilipiga hesabu: nauli na bei ya vikao humla takriban dola 15 kwa juma.

Baraka ni mtoto mpole. Hucheka anaposikia sauti ya dada yake, hufumba macho kwa nguvu anapokataa uji, na mama yake hudai kwamba hunitambua kwa harufu ya sabuni yangu. Lakini miguu haikubadilika, isipokuwa inazidi kuwa migumu, na siku hizi paja la kushoto halifunguki kama la kulia.

Kila Jumatatu, anapomfunga tena mgongoni, mama huyo huniuliza swali moja: “Mama Kine, atatembea lini?” Na mimi kwa miaka 6 nimemjibu: “Polepole, mama. Mungu akipenda.” Mwanzoni jibu hilo lilikuwa la haki, maana mtoto wa miezi 11 hakuna anayeweza kumtabiria. Baadaye likawa mazoea. Sasa ni uongo, na ninaposema huwa naangalia kitambaa anachomfungia mtoto ili nisimwangalie yeye.

Majuma 3 yaliyopita mwenzetu kijana, mwenye miaka 2 tu kazini na ambaye husoma kuliko sisi sote, alimwambia mama huyo kwenye benchi, mbele ya wazazi wengine: “Mama, huyu hatatembea kamwe. Tunakula feza yako bure.” Mama hakumjibu. Aligeuka akaniangalia mimi, niliyekuwa mlangoni na kitabu cha miadi mkononi. Nikasema: “Usimsikilize, mama. Tutaendelea.” Wanafunzi 2 wa staji walikuwa nyuma yangu, na mmoja wao aliinamisha kichwa.

Baba wa mtoto amenipigia simu mara 2 tangu hapo. Anataka kujua ni nani anayesema kweli, na asipopata jibu atamkataza mkewe kuja. Familia yake imeanza tena maneno ya zamani, kwamba ugonjwa huo umetoka upande wa mama. Mama naye, katika chumba cha maombi anakosali, ametabiriwa kwamba mtoto atasimama kabla ya mwaka kwisha.

Liko jambo la pili, ambalo sijui kama linaweza kutenganishwa na la kwanza. Juma hilo hilo nilimpa mtoto wa siku 9, mwenye kifundo miguu yote miwili, miadi ya baada ya majuma 3, kwa kuwa nafasi za asubuhi zimejaa watoto niliowatibu kwa miaka na ambao sithubutu kuwaondoa. Nilipomweleza AG, yaani msimamizi wetu, kwamba nataka kupunguza vikao vya wale wa zamani, alinijibu kwamba vikao hivyo ndivyo vinavyoilisha huduma. Hasemi uongo. Wawili kati yetu hawana matrikule, yaani nambari ya mtumishi wa serikali, hawapati mshahara wowote, wanaishi kwa primu tunayogawana kutoka katika mapato ya hospitali. Mimi matrikule ninayo, lakini mshahara wake hauwezi kuwalipia watoto wangu 4 shule.

Katika droo yangu kuna barua ya kumtaka kijana yule ajieleze kwa maandishi. Nimeiandika upya mara 3 na sijaitia sahihi.

Naomba unishauri. Je, baada ya miaka 6 bado inafaa kumwambia mama yule ukweli, au ukweli uliochelewa hivi umekuwa ukatili tu? Nikimwambia, nimwambieje? Na nikimpunguzia vikao, si nitakuwa nimemtupa?

Mama Kine, Bukavu

*

Mama Kine,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilipiga mstari chini ya mambo mawili ambayo uliyaandika kama mtu anayepita njia: lile paja la kushoto lisilofunguka, na yale macho yanayofumbwa mtoto anapokataa uji. Nitayarudia, kwa sababu mimi naona ndiyo yaliyobeba jibu la swali lako la mwisho.

Kwanza lile la kwanza. Mwambie, na umwambie ndani ya siku 10 hizi. Alikwisha kuambiwa, tena vibaya, mbele ya watu, na sasa anangoja kuona kama wewe uliyemshika mtoto wake tangu miezi 11 utayathibitisha maneno yale au utaendelea kumficha. Kila Jumatatu inayopita, kimya chako kinazidi kuwa ghali kwake, na hapo sizungumzii dola 15 peke yake.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi katika wodi ya watoto, na hiyo “polepole” yako naijua, nimeisema mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Shida ya neno hilo ni kwamba katika lugha yetu halisimami peke yake. Anayeambiwa “polepole” husikia pia “ndio mwendo”, hata kama hukuitamka. Husikia kwamba safari ipo, kwamba njia inakwenda mahali, na kwamba kinachotakiwa kwake ni kutochoka. Ndiyo maana mama yule hakuchoka kwa miaka 6. Ulimpa kazi ya kuvumilia, naye ameifanya vizuri sana.

Hakika uliyokuwa nayo kabla mtoto hajafikisha miaka 3 ilikuwa na msingi. Utafiti mkubwa wa watoto wenye mtindio wa ubongo uliofanywa Ontario, Kanada, na kutangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba watoto wa ngazi ya 5 hufikia 90% ya uwezo wao wa mwendo wakiwa na umri wa miaka 2 na miezi 8 hivi, ilhali wale wa ngazi ya 1, wenye ulemavu mwepesi zaidi, hufikia hapo wakikaribia miaka 5. Lakini nakuomba, kwa kuwa sasa utakuwa na hamu ya kusema kweli, usije ukaanza kuwahukumu wachanga. Kabla ya miaka 2 ngazi hizo hubadilika mara nyingi. Kwa mama wa mtoto wa miezi 11, ukweli ni huu: “Bado sijui, nitaendelea kumpima, na siku nitakapojua nitakuambia.” Neno la mwisho ndilo ulilolisahau kwa Baraka. Ulijua, na hukurudi kumwambia.

Sasa namna ya kusema. Mwite pamoja na baba, siku ambayo hutakuwa na mgonjwa mwingine kwa saa nzima, wala isiwe siku ya soko kubwa. Tafuta chumba chenye mlango unaofungika na viti 3 vya kimo kimoja. Usikae nyuma ya meza, na wanafunzi wasiwepo. Ikiwa mama huyo hufikiri kwa Kimashi zaidi ya Kiswahili, nawe unakijua, zungumza Kimashi, kwa sababu habari za namna hii mtu huzipokea kwa lugha aliyolelewa nayo. Kama hukijui, mwulize mapema angependa nani wa familia yake awepo, na usimfanye dada wa Baraka kuwa mkalimani.

Anza kwa kumwuliza yeye anaonaje. “Mama, umemtazama Baraka miaka 7. Unaona miguu yake inakwendaje?” Nina mashaka sana kwamba atakuambia inakwenda vizuri. Akina mama wengi niliowaona walikuwa wamekwisha kujua, walichokosa ni mtu wa kujua pamoja nao. Akisema anaona haibadiliki, umekwisha kupewa mlango. Akisema atasimama kesho, hutakuwa na mlango, lakini itakubidi uingie.

Kisha useme sentensi yenyewe, fupi, bila kuivika nguo: “Baraka hatatembea. Nimejua hivyo kwa muda mrefu, na nilipaswa kukuambia. Sikukuambia kwa sababu niliogopa kukuumiza. Hilo ni kosa langu, si lako wala la mtoto.” Halafu nyamaza. Jambo hili ndilo gumu kwa watu wa kazi yetu, ambao mikono yetu imezoea kufanya kitu wakati wote. Usiseme “lakini” katika pumzi hiyo hiyo. Usichomoe karatasi ya mazoezi. Akilia, alie. Baba akisimama akatoka nje, mwache atoke, atarudi au hatarudi, na mama hatabaki peke yake kwa kuwa wewe upo.

Baba akibaki, liko jambo moja unalodaiwa na mama huyo mbele yake, nalo ni chanzo cha ugonjwa. Fungua fishi, uwaonyeshe yaliyoandikwa siku ya kuzaliwa, kisha ueleze kwamba mtoto anayechelewa hivyo kuvuta pumzi ubongo wake unaweza kuumia kwa kukosa hewa, kwamba katika fishi ile yote hakuna chanzo kingine kilichoandikwa, na kwamba hakuna neno hata moja ndani yake linalosema ugonjwa ulitoka kwa ukoo wa mama wala wa baba. Ikiwa yupo mzee wa familia ambaye neno lake linasikilizwa, mwalike siku ya pili, uyarudie hayo hayo.

Kuhusu chumba cha maombi, usishindane nacho. Ukisema kwamba mtoto hatatembea hata Mungu afanyeje, umeingia katika uwanja usio wako, na mama atalazimika kuchagua kati yako na imani yake, naye atachagua imani. Sema hivi: “Kwa yale ambayo sisi wa hospitali tunayajua, Baraka hatatembea. Maombi siwezi kukukataza. Ninachokuomba ni kwamba unapoomba, tumtafutie kiti.”

Na atauliza habari za fedha. Labda si siku hiyo, labda baada ya juma, lakini ataziuliza: “Basi mlikuwa mnanilipisha nini?” Hapo usimtaje AG, usitaje primu, wala usimweleze shida za matrikule, ingawa zote ni za kweli. Mwambie kwamba miaka ya kwanza kazi ile ilikuwa ya lazima, kwamba baadaye iliendelea kwa mazoea, na kwamba kuanzia sasa hatalipa kikao kimoja bila kuambiwa kikao hicho kinatafuta nini. Ana haki ya kukukasirikia. Mpe miadi ya pili kabla ya siku 7, uiandike mbele yake, kwa maana siku ya kwanza hatakumbuka zaidi ya sentensi moja.

Nakuja sasa kwenye hofu yako ya kumtupa. Wewe unaona kwamba ukipunguza kunyoosha miguu, umemwacha mtoto. Mimi naona kinyume: kunyoosha kumekuficha mtoto mwenyewe. Iona Novak na wenzake wa Australia, ambao mwaka 2013 na tena 2020 walikusanya na kupima ushahidi wa tiba za mtindio wa ubongo, hawakuona kwamba kunyoosha kwa mikono peke yake kunaleta badiliko la maana, ilhali mazoezi yanayolenga jambo ambalo mtoto na familia wamelichagua, na yanayofanywa nyumbani mara nyingi, yana ushahidi mzuri. Piga hesabu ya namna nyingine. Dakika 40 mara 3 ni saa 2 kwa juma, na juma lina saa 168. Baraka analalaje katika hizo 166 zilizobaki? Anakaa juu ya nini mama yake anapopika sombe? Analishwa akiwa amelala chali, au kichwa kikiwa kimeinuliwa na kidevu kimeshuka kidogo? Hukohoa anapomeza? Mgongo wa mama unambeba mtoto wa miaka 7, je, utambeba wa miaka 12? Katika barua nzima hukuandika neno juu ya hayo, na sikulaumu, maana hata mimi nisingeyaandika siku zile za wodi.

Sasa lile paja. Wewe unajua kuliko mimi maana ya paja moja kufunguka kidogo kuliko la pili kwa mtoto wa ngazi hii, na ninashangaa kwamba limo katika barua yako kama sehemu ya huzuni badala ya kuwa katika fishi kama ombi la picha ya eksirei. Utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2006 ulikuta kwamba nyonga husogea kutoka mahali pake kwa takriban 90% ya watoto wa ngazi ya 5, na haikutokea kwa mtoto hata mmoja wa ngazi ya 1. Nyonga inayotoka huleta maumivu wakati wa kukaa na wakati wa kubadilishwa nguo, na mtoto asiyesema hawezi kukuambia kwamba ndiyo inayomliza. Mwombee picha ya nyonga zote mbili juma hili, mpeleke kwa daktari wa mifupa akiwa na picha hiyo, na mpaka hapo asiwepo mtu wa kulilazimisha paja lile kufunguka, hasa wanafunzi. Ikiwa familia haina uwezo wa picha na vikao kwa pamoja, wailipie picha, vikao vingoje. Tena picha moja haitoshi kwa maisha yake yote, kwa kuwa nyonga hizo zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara katika miaka ya kukua, pamoja na uti wa mgongo wake.

Kiti pia hakihitaji kungoja mfadhili. Zimbabwe ndiko ilikoanzia mbinu ya kutengeneza viti vya watoto wenye ulemavu kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga. Kinataka kukauka vizuri juani na kupakwa vanishi, jambo ambalo kwa mvua za Bukavu linahitaji subira, lakini maboksi yapo Nyawera na Kadutu kila siku.

Na yale macho. Mama Kine, mtoto anayefumba macho kwa nguvu anapokataa uji amekwisha kusema “hapana”. Nimejiuliza kama katika miaka 6 yuko mtu aliyemtafutia “ndiyo” yake. Anza na dada yake, ambaye nadhani anaijua tayari na hakuna aliyemwuliza. Mwonyesheni vitu viwili, kikombe na mpira, mngoje macho yaende wapi, na mngoje kweli, maana mtoto kama huyu huchukua muda mrefu kujibu kuliko uvumilivu wetu. Mtoto mwenye ndiyo na hapana anaweza kuwaambia kwamba nyonga inauma. Anaweza pia kufundishwa, na hapo mnaweza kwenda kuzungumza na kituo kama Heri Kwetu, kinachojulikana na kila mtu mjini kwenu, au na mkuu wa shule ya mtaani. Nchi yetu ina sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na ingawa sheria haifungui mlango wa darasa peke yake, si vibaya baba kujua kwamba ipo.

Suala la miadi nadhani unaona sasa kwamba halitengani na la kwanza. Kwa majuma 4 andika katika kitabu chako, pembeni ya kila jina, kikao hiki kinatafuta nini: kukaa dakika 5 bila kushikwa, kushika kijiko, kufungua mkono. Pale utakaposhindwa kuandika kitu, umempata mtoto anayekuja kwa mazoea. Mtoto anayekaribia kupata jambo jipya, au aliyetoka kupasuliwa, mpe vikao vingi kwa majuma 6 au 8, kisha apumzike na kazi ya nyumbani. Wale wa aina ya Baraka waonwe mara moja kwa mwezi mwanzoni, baadaye kila miezi 3, na alasiri moja kwa juma uwakusanye mama zao pamoja, wajifunze kulisha, kubeba na kulaza. Vikundi vya namna hiyo vimejaribiwa Bangladesh na Ghana, na akina mama hupata humo kitu ambacho mkeka wako hauwezi kuwapa, yaani mama mwingine.

AG mpelekee kitabu hicho, usimpelekee malalamiko. Aone ni wangapi wanangoja nje, kwa sababu nao watalipa. Siwezi kukuahidi kwamba primu haitapungua miezi ya kwanza. Huenda ikapungua, na wenzako wasio na matrikule wanapaswa kuambiwa hivyo mapema, mkiwa mmekaa pamoja, badala ya kuligundua siku ya kugawana.

Yule wa siku 9 mwite kesho. Njia ya plasta aliyoianzisha Ignacio Ponseti kule Iowa, Marekani, inaweza kufaulu hata kwa mtoto aliyechelewa, kwa hiyo hujamharibia maisha, lakini unajua jinsi mguu wa mtoto mchanga unavyotii. Plasta 5 hadi 7, moja kila juma, mara nyingi na mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu vyenye upau kwa saa 23 kila siku kwa miezi 3, na baadaye wakati wa kulala mpaka miaka 4 hivi. Ni kazi yenye mwisho, na chumba chako kina haja ya kuona kazi zenye mwisho.

Kijana yule alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: alisema kweli, na alidharau. Barua yako ya droo inamwadhibu kwa yote mawili bila kuyatenganisha, na kila atakayeisoma ataona kwamba umeudhika zaidi kwa lile la kwanza. Usiitie sahihi. Mwite faraghani, umwambie kwamba alikuwa sahihi, kisha umwambie kwamba benchi si mahali na kwamba “tunakula feza yako” ni tusi kwa mama na kwa wenzake wanaoishi kwa primu. Fuata mpangilio huo huo. Ukiugeuza hatasikia lolote kati ya hayo mawili. Kiti cha Baraka akitengeneze yeye, pamoja na wale wanafunzi 2. Kabla hawajamaliza staji, waambie wazi kwamba siku ile mlangoni ulidanganya, hasa yule aliyeinamisha kichwa.

Jambo moja limebaki. Hata baada ya mazungumzo yote hayo, Jumatatu fulani mama Baraka, akiwa anakaza kitambaa mgongoni, atakuuliza tena lile swali lake, kwa sababu swali la miaka 6 haliondoki kwa siku moja. Mvute ndani, ufunge mlango, umwangalie yeye wala si kitambaa, umjibu: “Hatatembea, mama. Picha ya nyonga yake tutaitazama pamoja Alhamisi.”

Mama Mshauri